Akili Iliyopotelea Makaburini

Utotoni mwangu, nikiwa na umri wa miaka minane na tukiishi Waithaka, bibi yangu mzaa baba aliamini kwamba akili yangu ilipotelea makaburini. Alishikilia neno alilolirithi kwa wazee wake: mtu asomaye maandishi ya mawe ya makaburi huingiwa na usahaulifu, na anachofundishwa leo hakimkai hadi kesho. Kwetu Waislamu wanawake hawaendi mazikoni, lakini ami yangu alikuwa amemsimulia kwamba siku tulipomzika babu nilisimama kitambo mbele ya jiwe refu lenye maandishi, nikilitazama. Basi shule ilipoleta habari kwamba mtoto wa darasa la tatu hajui kusoma, Bibi hakutafuta sababu nyingine.

Habari yenyewe aliileta Mwalimu Nekesa kwa miguu yake. Alikuwa Mkristo kutoka pande za Bungoma, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kusikika uwanja mzima, lakini siku hiyo alizungumza chini chini mlangoni petu.

"Mama, huyu kijana hana shida ya adabu. Lakini kitabu imemshinda kabisa. Mkubwa amesema muhula ukiisha kama bado hasomi, anarudi darasa la kwanza."

"Si yeye, mwalimu," Bibi akamjibu. "Ni yale mawe."

Mwalimu Nekesa akanikagua kichwani, nadhani akitafuta jeraha.

Nilielewa vyema maana ya kurudi darasa la kwanza. Ningeketi dawati moja na watoto niliowavusha barabara kila asubuhi. Usiku ule sikula.

Bibi akanipeleka kwa Maalim, aliyetufundisha madrasa, ili aniandikie kombe. Kwa asiyelijua, kombe ni aya zilizoandikwa kwa wino wa zafarani ndani ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi, na mwenye haja akayanywa maji hayo. Mimi nilipaswa kuyanywa asubuhi saba kabla sijatia kitu kinywani.

Maalim alikuwa na desturi moja ambayo nimeiheshimu maisha yangu yote: hakuandika kombe kabla ya kumsikiliza mwenyewe atakayelinywa, hata akiwa mtoto. Akachovya kalamu ya mwanzi, akaizuia juu ya sahani, akaniuliza, "Jiwe lile liliandikwa nini?"

"Sijui, Maalim."

"Umesahau?"

"Sikulisoma. Mimi sijui kusoma."

Bibi akadakia. "Usimsikilize. Juzi tu amenisomea juzuu nzima ya Kurani, hakukosa hata irabu moja."

Hapo nikaanza kulia, na katika kulia nikasema yote niliyoyaficha kwa miaka miwili. Kwamba pale madrasa nilikuwa nikisikiliza wenzangu na kushika kwa sikio. Kwamba nilipindua ukurasa pale jirani yangu alipopindua. Kwamba herufi, za Kiarabu na za shule, hazikunitulia. Nilipozitazama zilisukumana kama watu kwenye mlango mwembamba.

Maalim akaweka kalamu chini. Akafungua juzuu katikati, akaweka kidole juu ya mstari. Sikuweza hata neno moja. Kisha yeye akalitamka neno la kwanza tu, nami nikaendelea hadi mwisho wa sura, macho nikiwa nimeyafumba.

"Bi Mwanaisha," alisema, "mjukuu wako hajasahau kitu. Njia ya macho ndiyo nyembamba. Ya masikio ni pana kuliko yangu na yako."

"Kwa hiyo huandiki kombe?"

"Kombe naandika. Na kesho tutakwenda shuleni."

Walikwenda wote wawili, nami nyuma yao. Maalim hakujua istilahi zozote ambazo walimu wa leo wanazo. Alimwambia Mwalimu Nekesa jambo moja tu: "Muulize kwa mdomo." Mwalimu akaniuliza majina ya mito, akaniuliza hesabu, akaniuliza hadithi aliyotusomea wiki iliyopita. Nilijibu yote. Mwalimu Nekesa akakaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakimfika kifuani.

"Na vile nilikuwa namchapa," akasema.

Ni yeye aliyemwendea mwalimu mkuu na kumshawishi nisomewe maswali ya mtihani. Ni yeye aliyekata mwanya katika jalada la daftari kuukuu ili nione mstari mmoja tu kwa wakati mmoja, akabaki nami kila jioni wenzangu walipokwenda nyumbani. Sikurudishwa darasa la kwanza. Mwaka ulipokwisha nilikuwa nikisoma, polepole, kama mtu atembeaye juu ya utelezi. Bibi alifariki akiamini ni zafarani, nami sikupata kumbishia.

Sikumsimulia mtu mambo haya hadi mwaka huu. Binti yangu aliniomba nimsindikize hadi shule ya mwanawe Rehema, karibu na Spring Valley. Mtoto ana miaka tisa, na kusoma kunamshinda. Njia nzima mama yake alimwita mvivu. Mwalimu wa mahitaji maalum, kijana mpole, alikuwa na fomu mbele yake.

"Kwa familia kuna mwingine alipata shida ya kusoma?"

"Hapana," binti yangu akajibu upesi. "Sisi ni watu wa vitabu. Baba amefundisha madrasa miaka arobaini."

"Niandike mimi," nikasema.

Binti yangu akageuka. "Baba, acha mzaha."

"Sina mzaha, mwanangu. Andika, mwalimu."

Akaandika. Tulipoondoka, Rehema alikuwa amepangiwa mtu wa kumsomea maswali na muda wa nyongeza, na mama yake alikuwa amemshika mkono.

Nimetafakari sana tangu siku ile. Nimejifunza kwa wanazuoni wengi, na najua Bibi alikosea. Lakini katika mwaka ule mzito, nyumbani kwetu hakuna aliyeniita mjinga wala mvivu, kwa kuwa Bibi, mkubwa wa nyumba, alikwisha kuamua kwamba kosa si langu. Alikosea kuhusu sababu, akapatia kuhusu mtoto. Maalim na Mwalimu Nekesa walinikuta nikiwa bado ninaweza kusema ukweli, na hiyo ilikuwa kazi ya Bibi. Namwombea kila alfajiri, pamoja na wale wawili, na Mola ndiye ajuaye jinsi ya kuwalipa.