Mche wa Nanasi Mgongoni

Jamani, hii aibu sitaisahau. Nilinunua mche wa nanasi Makambako, nikaupande kwenye ndoo kwangu Njombe, jikoni penye joto. Nikihofia baridi itauua njiani, nikauviringisha kwenye blanketi la mtoto, nikaubeba mgongoni kwa kitenge.

Pale stendi, mama muuza maandazi akanipisha kwenye benchi lake na kunipa chai ya bure. “Hongera, mwanangu. Ana umri gani?”

Ningesema ukweli, ila chai nilishainywa nusu. “Miezi mitatu, mama.”

Akaja nyuma yangu, akafunua blanketi amguse shavu. Miiba ya majani ikamchoma. Akanyonya kidole, akanitazama.

“Miezi mitatu,” akasema, “na meno yameshaota.”