Maji ya Matofali na Kiti cha Mkuu

Barua ya uteuzi wake niliichapa mimi. Kwa vidole vyangu hivi. Mwenyekiti wa baraza la chuo alinipa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu, akataka nakala tatu kabla ya saa sita, na nilipofika kwenye jina mikono ikasimama. Jina lile nililijua tangu kidato cha kwanza. Lilichongwa kwa bikari kwenye dawati letu, ubavuni mwa jina langu.

Miaka minne tulikaa dawati moja. Mimi nilimsaidia hesabu, yeye alinisaidia Kiingereza. Mtihani wa kidato cha nne tulifaulu wote wawili, na mimi nilimzidi. Naandika hili kwa sababu hakuna mwingine atakayeliandika. Yeye akaenda kidato cha tano. Mimi barua ya kuchaguliwa ilinikuta na mimba ya kijana wa jirani, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita. Wazee wake wakaja kwetu, ng'ombe wakahesabiwa, nikaolewa. Halafu mume wangu naye akaenda chuo kikuu Dar es Salaam, mimi nikabaki Bariadi nalima pamba na mama yake. Aliporudi na digrii, watu walinipongeza mimi. "Hongera, mumeo kasoma." Kana kwamba digrii ni homa, unaambukizwa kitandani.

Chuo chenyewe kilikuwa kipya. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila kitu ruksa. Wanunuzi binafsi wa pamba walitega mizani kila njia panda, mitumba ilijaa mpaka kwenye gulio, na watu wakagundua kwamba hata chuo kinaweza kufunguliwa bila serikali. Chetu kilianzishwa na wananchi pamoja na makanisa mawili, kwa matumaini kwamba siku moja kitakuwa chuo kikuu kamili. Matofali tulifyatua wenyewe. Kila kaya ilitoa mtu: wanaume walikanyaga udongo, wanawake tulibeba maji kutoka kwenye vishimo tulivyochimba katika mchanga wa mto. Na kwetu kazi ya pamoja ina sheria yake. Asiyekuja anatozwa faini, na siku ya mkutano akinyoosha mkono anaambiwa, "Kaa chini, wewe ulikuwa wapi?" Aliyekuja, hata awe mlevi wa kijiji, anasikilizwa mpaka amalize.

Mimi nilibeba maji hayo nikiwa na mimba ya mtoto wa tatu. Ndiyo maana chuo kilipofunguliwa nikapewa kazi ya uchapaji, na mume wangu akapata ya ukufunzi.

Sasa, katiba ya chuo, ambayo pia niliichapa mimi, ilisema nafasi ya mkuu wa chuo lazima itangazwe kwa siku thelathini, kwenye ubao na gazetini. Tangazo nililichapa vizuri kabisa. Mwenyekiti akalisoma, akalikunja mara nne, akalitia mfuko wa shati.

"Liache kwanza, mama," akasema.

Likaachwa. Wiki tatu baadaye ndipo akaniletea lile jina.

Alifika Jumatatu. Viatu vyake vya kahawia vilikuwa na kisigino kidogo kinachogonga sakafu, ile sakafu ambayo saruji yake ilichanganywa kwa maji yetu. Aliponiona mlangoni akapiga kelele.

"Ni wewe! Mwenzangu wa dawati! Bado unanizidi hesabu?"

"Shikamoo, Mkuu," nikamwambia.

"Ebo! Shikamoo ya nini, sisi si tumelingana?"

"Hatujalingana."

Akacheka, akanikumbatia mbele ya wafanyakazi wote. Alinukia sabuni ya kununua dukani, ile ya kwenye karatasi. Nikasimama kama mlingoti hadi aliponiachia.

Sitadanganya. Sikuwa na shida na elimu yake. Alikuwa na digrii mbili na alijua kazi. Nilichotaka ni kimoja: atoke kwenye kile kiti. Kila alichokuwa nacho nilikiona kama kimetolewa kabatini kwangu. Akizungumza Kiingereza na wageni kutoka Mwanza, nilikaa kwenye mashine yangu nikimalizia sentensi zake kimoyomoyo, na mara nyingi nilimalizia vizuri. Akisema, "Naomba unichapie hii," nilisikia miaka yote niliyopalilia pamba.

Na nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mume wangu, mtu ambaye shati moja lilimtosha wiki nzima, akaanza kutia mkaa kwenye pasi kila asubuhi.

"Mama watoto, yule mama ana kichwa," akaniambia. "Ratiba aliyoipanga jana, sijaona mtu akipanga vile."

"Mwoe."

"Unaona sasa? Mtu akisifu ratiba."

"Ratiba ndiyo unayoipigia pasi?"

Mama mkwe alikuwa kwenye kiambaza anachambua michembe, viazi vyetu vitamu vya kukausha. Alicheka hadi akakohoa.

Nilikwenda kwa karani mstaafu wa mahakama, mzee aliyeweka meza barazani kwa fundi cherehani, akiwaandikia watu barua na hati. Nikamweleza habari ya tangazo lililokunjwa. Alipendezwa. Akavua miwani.

"Hapo wamevunja katiba yao wenyewe," akasema. "Hiyo ni ya Mahakama Kuu, Mwanza. Unaomba uteuzi utenguliwe. Lakini, mama, wewe uliomba hiyo kazi?"

"Ningeombaje wakati haikutangazwa?"

"Ungetangaziwa, ungekuwa na sifa?"

"Nina kidato cha nne."

"Wewe ni mjumbe wa baraza? Mwanafunzi?"

"Mimi ni mchapaji."

"Basi jaji atakuuliza swali moja tu: wewe nani katika jambo hili? Si kila mwenye hasira anafungua shauri. Lazima uteuzi uwe umekuumiza wewe, kwa namna ambayo haukumuumiza mpita njia."

Umeniumiza, nikawaza. Wewe hujui tu. Lakini nikamjibu kama ambavyo ningejibu mkutanoni kwetu. "Mimi nilibeba maji ya matofali."

Mzee akanitazama, akavaa miwani, akaandika. Yeye naye ni mtu wa kwetu. Hoja ile ilimwingia. Sote wawili tuliamini kwamba hakuna mtu duniani anayeweza kumwambia mbeba maji akae chini.

Hati ile niliichapa saa ya chakula kwa mashine ya chuo. Nikauza mbuzi wangu wawili. Mume wangu alipojua, alikuwa mpole kwa namna iliyonitia hasira zaidi.

"Unamshtaki kwa kosa gani?"

"Simshtaki yeye. Nashtaki baraza."

"Baraza limekuwepo miaka miwili. Halijakukera mpaka alipokuja yeye."

Nikaikunja hati, nikaitia kwenye kikapu.

Siku ya shauri nilikwenda na mama mkwe na wanawake wengine wawili tuliobeba nao, kwa sababu kwetu ukienda kwenye baraza unakwenda na watu wa kusema, "Ndiyo, tulikuwa naye." Tulilala njiani kwa ndugu zetu wa kijiji cha Nassa, asubuhi tukaingia Mwanza. Yule mtoto wa tatu alikuwa mgongoni. Kwenye ukumbi wa nje wa mahakama tukakuta wakili wa chuo kwenye benchi, na kando yake Mkuu, na vile viatu.

Alisimama haraka akapiga goti mbele ya mama mkwe, akamwamkia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mayu."

Mama mkwe akaitikia, kisha akamkazia macho. "Wewe nakujua. Si wewe uliyekuja likizo mwaka ule wa matofali?"

"Ndiyo, mayu."

"Ukambebea huyu ndoo zake alipokuwa hawezi! Ee! Miguu imemvimba, amekaa kwenye mchanga analia, nawe unakwenda mara mbili mbili, zamu yako na zamu yake." Akawageukia wenzetu. "Si ndiye huyu?"

"Ndiye," wakasema, wamefurahi kabisa. "Ndiye huyu, tena alikuwa anaimba."

Wakili wa chuo alikuwa ameanza kuandika.

"Mayu," nikamnong'oneza, "sisi tumekuja kumpinga huyu."

"Kumpinga tutampinga, ng'wana wane. Lakini maji alibeba."

Ni kweli alibeba. Sikuwa nimelisahau. Wiki nzima ile alibeba, na jioni ananisindikiza nyumbani ananisimulia chuo kikuu kilivyo, maktaba ina ngazi ngapi, chakula wanakula nini, nami nimeshika tumbo langu namwitikia. Watu wanadhani ukimsaidia mtu atakupenda. Tangu siku ile ndipo nilipoanza kumchukia sawasawa.

Mahakamani hawakufika hata kwenye tangazo. Wakili alisimama na pingamizi: mwombaji hakuomba kazi ile, hakuwa na sifa ya kuiomba, si mwanafunzi, si mjumbe wa baraza. "Ni mchapaji, mheshimiwa," akasema, kama mtu anayetoa unywele kwenye ugali.

Jaji alikuwa mzee mtaratibu. Alinigeukia, akaongea nami kwa Kiswahili.

"Mama, tuseme nimetengua uteuzi huu leo. Wewe utapata nini?"

Usingizi. Hilo ndilo lililonijia, nikaling'ata. "Katiba ya chuo imevunjwa, mheshimiwa. Nami nilibeba maji ya kukijenga."

"Maji?"

"Ya matofali. Wenzangu hawa hapa watathibitisha."

Wale watatu wakanyanyuka pale nyuma. Karani wa mahakama akawaambia wakae. Hakuna aliyecheka, na ningependa wangecheka.

"Jasho lako mahakama inaliheshimu," jaji akasema. "Lakini wilaya nzima ilifanya kazi pale. Nikikusikiliza wewe kwa sababu hiyo, nitawasikiliza wote, pamoja na huyo Mkuu unayempinga, maana wakili ameniambia naye alibeba. Sheria inamtafuta aliyeumizwa zaidi ya wengine. Anayeweza kuja hapa na hoja hii ni mtu mwenye sifa ya kazi ile, ambaye angeomba kama ingetangazwa, akanyimwa nafasi."

Akatupilia mbali maombi yangu, bila kusema kama baraza lilikosea au halikukosea. Njia nzima ya kurudi, hata tulipopita Lamadi, nilikuwa napiga hesabu. Mtu mwenye sifa: digrii moja na uzoefu wa kufundisha. Angeomba kama ingetangazwa. Mtu huyo nilikuwa nimemlimia pamba mpaka akaipata hiyo digrii. Alikuwa anakula kwangu.

Jumapili baada ya kanisa nikamwekea sahani ya michembe na karanga.

"Fungua wewe," nikamwambia.

"Nifungue nini?"

"Shauri. Jaji amesema mtu kama wewe atasikilizwa."

Akatafuna taratibu. "Ni kweli, nina haki hiyo."

"Basi?"

"Basi siitaki. Hata tangazo lingebandikwa kwenye kila mti wa wilaya hii, angepata yeye. Na wewe unajua, kwa sababu wewe ndiye uliyekaa naye dawati moja."

"Unamtetea."

"Ninakula."

Nilimnyang'anya sahani. Ndiyo, mtu mzima na digrii yake, nikamnyang'anya sahani mbele ya mama yake.

Kesho yake nikafanya jambo ambalo karani mstaafu hakunifundisha. Nilipompelekea mwenyekiti barua za kutia saini, nikasema, kama mtu anayezungumzia mvua, "Mume wangu anatafuta wakili."

Kalamu ikasimama. "Wakili wa nini?"

"Si jaji alisema mtu mwenye sifa anaweza? Yeye ana sifa."

Ulikuwa uongo mtupu, nao ulifanya kile ambacho ukweli ulishindwa kukifanya Mwanza. Baraza likaitana wiki ileile. Wakaamua Mkuu awe anakaimu tu, na nafasi itangazwe upya kama katiba inavyotaka. Nikaletewa tangazo nilichape, na safari hii sikumwachia mtu alitie mfukoni. Nililibandika mwenyewe kwenye ubao, misumari minne. Siku thelathini nililipitia asubuhi na jioni, mvua ilipolilowesha nikachapa lingine.

Fomu ya maombi nilimjazia mume wangu. Kila mstari. Kilichobaki ni saini. Aliisoma yote kwa makini, akanisifu mwandiko, akaikalia. Siku ya mwisho ikapita ameikalia.

Waliomba watatu, mmoja kutoka Shinyanga, mmoja kutoka Musoma, na Mkuu wetu. Waliwahoji siku nzima. Mimi nilipeleka chai. Nilisimama nje ya mlango na sinia, nikamsikia akijibu, na nilitafuta sentensi ya kumkosoa, nikaikosa. Wale wawili walikuwa na viatu vizuri tu.

Wafanyakazi wote tukaitwa ukumbini kutangaziwa. Mwenyekiti alikuwa ameshakuwa mwoga wa sheria. Alisoma katiba ya chuo kifungu kwa kifungu, tangazo lilivyokaa ubaoni, walioomba, alama zao. Kisha akataja jina, lilelile. Akaweka karatasi chini.

"Kuna mwenye pingamizi?" akauliza. "Leo mfanyakazi yeyote anaruhusiwa kusema."

Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Mume wangu pia, katika shati lake lililopigwa pasi. Na Mkuu, kule mbele, aliniangalia, na sura yake haikuwa ya ushindi. Alikuwa anasubiri kwa kweli. Kama ningesema neno, angelisikiliza mpaka mwisho.

Nilisimama, nikamhamishia begani mtoto niliyekuwa nimempakata. Nilikuwa na ruhusa. Sikuwa na hoja hata moja iliyobaki, nilizokuwa nazo zote nilikuwa nimezichapa na kuzibandika kwa misumari.

"Sina," nikasema, nikakaa.

Wakaanza kupiga makofi. Mtoto naye akapiga, kwa kuwaona wengine. Nikamshika mikono yote miwili, nikaibana mapajani mwangu mpaka wakamaliza.