Nilizani F Inasema Fort

Muniahidi kwanza hamutacheka kwa sauti, juu hapa Bunia kuko watu mpaka leo wakiniona barabarani wanashika mudomo, na miye najua vizuri wanakumbuka nini. Jina langu ni Faustin, napigaka filme za ndoa, ubatizo, sherehe za diplome, hata matanga kama familia inaomba, na aibu yenye nitawaelezea niliitafuta mwenyewe, mu duka, mchana, macho wazi. Hakuna mutu alinisukuma.

Mu paroisse yetu, pale tunasalia, kuko wazee wawili, Papa Albert na muke wake Mama Vironika. Walikimbia vita kule Bule na nguo za mwilini tu, nyumba ikaungua, na picha zote za ndoa yao zikabaki mule ndani. Bon, mwaka huu walikuwa wanatimiza miaka makumi tano ya ndoa, padri akasema atawabariki siku ya Mungu, ni kusema Jumapili, kisha watu watakula pamoja mu salle, nyumba ya mikutano, na miye nikajitolea kuwatengenezea filme fupi, watoto na wajukuu wakiwatolea salamu mumoja mumoja. Lakini ndani ya ile filme kulikuwa siri, yenye miye na Papa Albert peke yetu tulijua. Mama Vironika iko na mudogo wake, Susana, mwenye alibakia kule Kpandroma, na juu ya barabara kuwa mbaya walikuwa wamemaliza miaka sita bila kuonana, na simu kule inashika leo, kesho hapana. Miye nilikuwa nimeitwa Kpandroma kupiga filme ya ndoa, nikamutafuta yule mama, nikamukalisha mbele ya mulango wake, akaongea na dada yake dakika mbili. Aliongea bila kulia (kulia alilia kisha nilipozima kamera, na hiyo sikuipiga).

Shida ilikuwa mashine yangu. Prosesa yake, ni kusema ile kipande kidogo chenye kinafanya hesabu zote, kichwa cha kompyuta kabisa, ilikuwa imezeeka. Nilikuwa nimemaliza kukata na kuunga filme yote, ilibakia tu mashine iitoe ikuwe kitu kimoja, lakini kila mara ilikuwa inafika nusu, inapata joto, inazimika. Na siku ikabakia moja. Siku ya posho, Jumamosi, saa sita ya mchana, nikachukua makuta yangu, pesa yenye nilikuwa nayo (haikukuwa mingi), nikabeba mashine nzima, nikaenda mu duka moja ya vyombo vya kompyuta. Muuzaji ni papa mumoja mupole, wa miwani, akaniwekea maboksi mawili mbele.

"Hii ya kwanza iko na nguvu kiasi tu, lakini iko na picha ndani yake," akasema. "Hii ya pili iko na nguvu kuliko, video itaikata kama kisu mu ndizi yenye kuiva, na bei iko chini kidogo, juu jina yake inaishia na F. Unajua F inasema nini?"

Pale ndipo, ndugu zangu. Nyuma yangu kulikuwa wateja wawili, na mumoja alikuwa ameisha kunisalimia "patron wa kamera." Patron wa kamera aseme hajui? Nikatikisa kichwa pole pole kama mwalimu.

"Najua, papa. Funga tu hiyo ya F."

"Kama unajua, ni muzuri," akasema, na akaanza kuifunga ndani ya mashine. Ile ya zamani nikamuachia apunguze bei.

Mu kichwa yangu F ilikuwa Fort, kwa Kifaransa, nguvu. Si vitu vyote vya kompyuta vinaitwaka kwa Kifaransa? (Muniache, ndivyo nilifikiri.) Kisha nikaona tena F ni ya Faustin, nikaichukua kama alama kutoka kwa Mungu. Nikapanda moto, ni kusema pikipiki, na mashine yangu juu ya magoti, nimeifunika na kitenge ya muke wangu vumbi isiingie, mpaka mama mumoja pembeni ya barabara akapiga kelele, "Pole papa, mutoto anaumwa nini?"

Kufika nyumbani nikachomeka, nikawasha. Mashine ikanguruma, taa zake nyekundu na za bluu zikawaka, uzuri wa ajabu. Ekra, ile kioo ya kuonyesha picha, nyeusi. Nikasema ekra imekufa. Nikaenda kuomba ekra ya jirani, nyeusi. Nikaenda kuomba ya sekretere wa paroisse, nikamuapia nitairudisha mbio, nyeusi. Muke wangu Aline alikuwa anasonga bugali, akaniangalia vile naweka ekra tatu zimepangana kama ng'ombe ku maji.

"Faustin, ekra za quartier yote zimekufa siku moja? Rudia ku duka, uulize."

"Kuuliza nini? Ni kamba tu."

Wakati roho yangu ilikubali kurudia, duka ilikuwa imefungwa, na siku ya Mungu yule papa hafungui. Basi nikajidanganya ile televizio kubwa ya salle itaisikia mashine, na filme itacheza vile iko, hata haijatolewa. Asubuhi, ku mulango wa kanisa, Papa Albert akanisogelea, amevaa koti ya kuazima, mikono yake imefika mpaka ku vidole, akaninong'onea, "Susana iko tayari?"

Nikamujibu, "Iko tayari, papa." Mulango wa kanisa, mbele ya Bikira Maria.

Kisha misa, salle ikajaa. Mwenye kuongoza sherehe akatangaza filme, mapazia yakafungwa, akaniachia mikro yake ya kuongelea juu ya meza, nikabonyeza. Mashine ikanguruma, taa zikacheza, wamama wakapiga vigelegele vya kufungua masikio. Televizio ikaandika tu kwamba haioni kitu, na yale maandishi yakaanza kutembea kutoka kona moja kufika ku ingine. Muzee mumoja akauliza, "Filme imeanza?" Korali ikaimba kidogo ili nipate wakati. Ikaimba tena. Ikaimba ya tatu, mpaka padri mwenyewe akasimama akaombea vyombo, na miye niko chini ya meza nachomoa kamba, nachomeka kamba, jasho inaingia mu macho.

Pale Esperance akatoka mu korali. Huyu dada anatengenezaka simu pale sokoni, mikono yake inajua. Akainama karibu na meza.

"Yaya Faustin," akasema (yaya kwetu ni kaka ao dada mukubwa), "prosesa yako inaishia na herufi gani?"

"F."

"Na F inasema nini?"

"Fort."

Mikro ilikuwa wazi. "Fort" yangu ikatoka mu spika zote mbili. Esperance akauma mudomo, maskini, alijaribu.

"Yaya, F inasema haiko na sehemu ya picha ndani. Hesabu inafanya, lakini kuonyesha haiwezi, mpaka uweke karte ya picha pembeni. Weye uko nayo?"

"Hapana."

"Basi hata ulete ekra mia."

Salle ikapasuka. Padri alicheka mpaka akavua miwani. Mutu mumoja nyuma akaita, "Faustin Fort!" na jina ikabaki. Miye ningeweza kucheka nao, lakini nikaona Papa Albert. Yeye hakucheka. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Ile ikanikata. Nikakumbuka picha za Kpandroma bado ziko ndani ya kamera, sikuzifuta. Kamba ya kuiunga na televizio sikukuwa nayo, lakini kamera iko na ekra yake ndogo, kama boksi mbili za kiberiti. Nikatembea na haya yangu mpaka mbele, nikapiga magoti.

"Mama, kuko mutu alitaka kukusalimia."

Nikabonyeza. Sauti ikatoka ndogo: "Yaya Viro, ni miye Susana. Usiogope, siko mugonjwa. Kuku zenye uliniachia zimezaa mpaka zimenishinda, kuya uchukue zako."

Mama Vironika akaninyang'anya kamera na mikono miwili. Akaiweka kwanza ku sikio, kisha mbele ya macho, kisha tena ku sikio.

"Ni yeye," akasema. "Amezeeka, mudogo wangu." Akacheka, machozi yanashuka. "Rudisha."

Nikarudisha. Mara saba, mpaka bateri ikaisha, na Papa Albert alikuwa ameweka mukono juu ya kichwa yangu.

Kesho yake, siku ya kwanza ya juma, nikarudi ku duka. Muzee wa miwani akaniangalia, akasema tu, "Nilikuuliza," na akanibadilishia na ile ya kwanza. Iko pole pole, lakini inatoa filme mpaka mwisho, na inaonyesha. Kisha juma mbili nikapeleka filme nzima kwa wazee, na muziki, na majina kwa herufi za zahabu. Mama Vironika akaangalia yote, akanishukuru, akaniletea chai.

"Ni muzuri, mwanangu," akasema. "Lakini ile ingine, nilikuwa namushika mu mikono."

Nikakunywa chai. Tangu pale niliapa: mutu akiniuliza kama najua kitu, na sijui, nitasema sijui, kwa sauti, hata padri akuwe anasikiliza. Inauma, siwadanganye. Lakini inauma dakika moja tu, kisha wanakuelezea.