Unga Hufuata Kifuu

Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Aliyesema hivyo hakumfikiria mtu anayelea wana wa kijiji kizima, tangu jua lichomoze mpaka majembe yarudi kutoka shamba la ujamaa. Mtu huyo nilikuwa mimi. Watoto wale sasa wana wajukuu, nami bado sijapumzika.

Mimi ni mtu wa Kivinje. Ndoa ndiyo iliyonipeleka bara, kwenye kijiji cha ujamaa upande wa Njinjo, na ndoa ilipokufa nikabaki kule na binti yangu mdogo, kwa kuwa sikuwa na nauli ya kurudi wala uso wa kurudi nao. Kijiji kikanipa kazi ya ulezi. Nyumba ya watoto ilikuwa ya miti na udongo, na ukutani tulichomeka vijiti. Kila mtoto alikuja na kifuu chake cha nazi cha kunywea uji, na mama yake akakitundika kwa mkono wake mwenyewe. Kifuu kikishatundikwa, maneno yamekwisha: mtoto ni wangu mpaka jioni.

Malipo nayo yalifuata kifuu. Kwa kila kifuu kilichokuwa ukutani, ghala la kijiji lilinipimia kibaba cha unga wa mtama kila wiki, ili mama asipate kisingizio cha kukaa nyumbani. Kila mama, kwa upande wake, alinilimia ngwe moja kabla ya mvua, yaani kipande cha shamba langu kilichopimwa kwa kamba, maana mikono yangu yote miwili ilikuwa na watoto. Ngwe hizo ndizo zilizonilisha mwaka mzima. Sharti lilikuwa moja tu: mtoto wa mlezi hapimiwi unga. Binti yangu alikunywa uji wa unga wa nyumbani kwetu, na kifuu chake hakikutundikwa, kilikaa kwenye kikapu changu. Sikulalamika. Yaani, nililalamika peke yangu.

Kisha kipindupindu kikaingia. Bwana afya alikuja na magunia ya chokaa, akafunga njia ya Njinjo, akakataza ngoma, maulidi na kila mkusanyiko. Shamba hakulifunga, kwa sababu watu hulima wakiwa wameachiana nafasi, na njaa nayo huua. Nyumba ya watoto alisema ibaki wazi kwa mama asiye na mtu wa kumwachia mtoto, na maji yachemshwe.

Kesho yake kina mama wakaja kuchukua vifuu. Waliviangalia kama vile ugonjwa umekaa humo ndani, wakavifunga kwenye khanga, wakawashika watoto mikono, wakaenda zao. Hofu yao siilaumu. Wengi walikuwa na bibi au mkwe nyumbani. Ila hapana aliyeniuliza mimi nitakula nini, na mwenye ghala alipokuja kupima unga akakuta ukuta mtupu na kifuu kimoja.

Kifuu hicho kilikuwa cha mtoto wa mjane mmoja kutoka milima ya Umatumbi. Hakuwa na mama pale, wala mkwe, wala shoga. Asiyelima shamba la pamoja hakuwa na fungu wakati wa mavuno, kwa hiyo kila asubuhi aliniletea binti yake, wa miaka kama minne, mtoto mkimya ambaye alikunywa uji wake akiwa amesimama. Angefanyaje? Mtoto angemfunga kwenye mti?

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Nilisimama mbali naye kama ilivyoamriwa, nikamwambia kwamba watoto wamekaa nyumbani lakini nyumba ipo na mlezi yupo, na kwamba mlezi akienda kutafuta riziki kwingine, ugonjwa ukiisha watakuta panya tu. Nikamwomba nusu ya unga, na kina mama wakumbushwe ngwe zao. Mzee yule hakuwa mtu mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajikuna ndevu.

"Unga hufuata kifuu, mwanangu," akasema. "Nikikupimia vifuu visivyokuwepo, kesho kila mtu atataka kupimiwa kisichokuwepo."

Nilirudi nimenuna. Nilijua anachosema ni sawa, na nilijua si haki, na kuyajua yote mawili kunachosha kuliko kulima.

Mwaka ule ikalimwa ngwe moja tu, na mtu mmoja. Yule mjane alikuwa akitoka shamba la ujamaa anapitia shambani kwangu, mpaka akaimaliza. Nilimwambia aache, mwaka huu hapana aliyelima. Akanijibu kwamba mkono mtupu haulambwi, na kwamba hataki binti yake anywe uji wa kuonewa huruma. Kipande chake kilinyooka safi katikati ya nyasi, na mimi nikakiona chake peke yake kila nilipopita.

Siku chache baadaye hakuja jioni kumchukua mtoto. Aliangukia njiani, wakampeleka darasani kwenye shule, ambako wagonjwa walilazwa. Nilisimama nje ya kamba ya bwana afya nikaomba nivuke, nikakataliwa. Walimzika watu wa chokaa, bila sisi kumwosha wala kumvika sanda kwa mikono yetu. Lilinikera jambo hilo, na bado linanikera. Usiku mtoto alilala mkekani na binti yangu, asubuhi nikamchukua kwenda nyumba ya watoto, na kifuu chake kikaendelea kuning'inia peke yake.

Ugonjwa ulipoondoka, kina mama walirudi wakicheka, kila mmoja na mtoto na kifuu chake. Mvua zilikuwa zimeshakolea. Niliwakumbusha habari ya ngwe, mmoja akasema, tena kwa upole, "Mwaka huu hukutulelea, dada. Mwakani, inshallah." Sikuwa na nguvu ya kugombana. Nikawasha moto, nikabandika sufuria.

Mwenyekiti akaja na mwenye ghala kupima unga. Walipita ukutani kifuu hadi kifuu, wakafika kwa kile cha yule mtoto, wakasimama. Mtoto mwenyewe alikuwa karibu na mlango, ananitazama.

"Huyu tumwiteje?" mwenyekiti akaniuliza. "Akiwa yatima wa kijiji, kifuu chake kitabaki na unga wake utapimwa. Lakini yatima wa kijiji analelewa kwa zamu, mwezi nyumba hii, mwezi nyumba ile. Akiwa wako, ni mtoto wa mlezi."

Hakuhitaji kumalizia. Shambani nilikuwa na ngwe moja, na nyumbani vinywa vitatu, kimoja changu. Nilifikiria kibaba kile. Sitasema sikukifikiria. Nikawaza pia mtoto huyu akihamishwa na mkeka wake kila mwezi mwandamo, akinywa uji amesimama kwenye kila nyumba.

"Wangu," nikasema.

Mwenye ghala akapunguza kibaba kimoja kwenye gunia. Mimi nikanyoosha mkono, nikatoa kifuu kijitini ili nikiweke kwenye kikapu pamoja na cha binti yangu. Mtoto akaniona. Yeye alikuwa ameshuhudia vifuu vyote vile vikitolewa ukutani, na kila kilipotolewa, mwenzake alishikwa mkono na mama yake wakaenda kwao. Akaja mbio, akaweka kiganja chake ndani ya changu.

"Tunakwenda kwetu?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, tukishawapa wenzako uji.