Pikapu ya Baba Iliyokataa Kushoto

Mbuzi wawili, sufuria moja ya maharage, bangili ya shaba ya nkambo, bibi yetu, na pikapu nzima yenye matairi manne. Hiyo ndiyo bei ya safari yetu moja ya kwenda Tenke tulipokuwa wadogo. Nimehesabu mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu tangu nianze kuuza unga hapa Kolwezi, na mara zote mbili nimefika palepale. Baba mwenyewe huhesabu mbuzi mmoja tu. Anasema yule wa pili alikuwa na tabia ya kutoroka tangu zamani.

Ninyi mliovaa pamoja nami shati jeupe na sketi ya buluu za shule, mnayakumbuka maisha yale. Asubuhi chai ya rangi na viazi vitamu vilivyolala. Jioni bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, na samaki tomson ambaye mama alimkata vipande vyembamba kiasi kwamba ungeweza kuweka kimoja juu ya katekisimu na bado ukasoma. Jumapili munkoyo, kinywaji cha mahindi, wa baridi, na yule atakayemwaga hapewi tena mpaka Jumapili nyingine. Vumbi lilikuwa jekundu, na mama alilijua vizuri: alitazama soksi zetu tu akajua tulipitia wapi.

Mimi nilikuwa msichana, lakini motokari zangu za waya zilishinda za wavulana. Mnazikumbuka? Magurudumu ya vifuniko vya kopo la maziwa, na waya mrefu unaopanda hadi mkononi, mwisho wake umekunjwa duara kuwa usukani. Waya ukilegea pale unapoungana na gurudumu, ulikaa chini papo hapo, ukaukaza kwa jiwe na msumari. Hakuna mtoto aliyekubali kucheza na motokari isiyosikia mkono. Aibu ilikuwa kubwa kuliko kufeli hesabu.

Sasa fikirini: watoto tulikataa kitu ambacho baba yetu alikiendesha kila siku.

Baba alikuwa na pikapu ya kijani, kuukuu tangu siku aliyoinunua, aliyoiita Mukalenge, yaani mheshimiwa. Alikwenda nayo vijijini kuchukua mahindi na makaa, na ndiyo iliyotulisha. Barabara yenyewe hakuna aliyeipita. Malori yalikuwa yameichimba mifereji ambayo mtoto angeweza kujificha ndani, kwa hiyo madereva wote walikwenda pembeni yake, porini, kati ya visiki na vichuguu, huku wakiitazama barabara kwa heshima kama mtu anavyotazama kaburi. Na kila kisiki kilichogonga tairi, tairi halikukaa na maumivu yake. Liliyapeleka kwenye vyuma vya usukani. Pale vyuma vinapoungana, pana kichwa cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe, kama paja ndani ya nyonga. Kimevalishwa kofia ya mpira ili vumbi lisiingie. Kofia za Mukalenge visiki vilikuwa vimezivua zote. Mchanga ukaingia, ukachanganyika na grisi, na kutoka hapo gari lilikuwa linajisaga lenyewe kila kona.

Mwishowe baba aliuzungusha usukani nusu duara kabla gari halijaanza hata kufikiria. Kulia lilikwenda kwa hiari. Kushoto lilitaka kubembelezwa.

"Tata Kapinga," mama alimwambia, akimwita kwa jina la dada yetu mkubwa, "hii volan unaikoroga kama bukari, na gari inaenda tu kwenye inapenda."

"Haijafa, Mama Kapinga. Iko inapumua. Kitu ya muzima inapumuaka."

"Mugonjwa pia anapumuaka."

Mama alikuwa na mpango wake. Alitaka pikapu ibadilishwe na mashine ya kusaga mahindi kabla haijafa kabisa au kutuua. Mashine ya kusaga, alisema, inakaa mahali pamoja, na wateja ndio wanaopiga kona. Baba alikasirika mpaka akatoa neno mbele ya nyumba nzima: "Siku Mukalenge itakataa kugeuka mbele ya bantu, ufunguo ni ya kwako." Mama aliendelea kuchambua sombe, lakini mimi niliona alivyotabasamu kwenye majani.

Aliyemwokoa baba ni nkambo, mama yake mzazi, aliyekuwa na bangili ya shaba mkononi kwa ajili ya maumivu ya viungo. "Mi magoti yangu ilikuwa inalia vilevile," alisema. "Nikavaa shaba, ikanyamaza. Mupatie na gari shaba."

Msicheke. Huu ni mji wa shaba. Shaba imetujengea nyumba, imetuletea babu zetu kutoka Kasai, imetulipia ubatizo. Nani angesimama hapo kusema haiwezi kuponya pikapu? Labda watu wa Kisenge wangejaribu manganizi wanayochimba. Kila mtu na dawa ya kwao. Baba akaipeleka bangili kwa Tata Kazadi, mchomeleaji wa karibu na soko. Tata Kazadi akaikata, akaigonga mpaka ikawa kikombe kidogo, akakipachika pale palipolika, na kwa kuwa grisi ilikuwa imekwisha akapaka mawese. Watu wazima walisimama kutazama, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Hakuna aliyeuliza kama shaba ni laini.

Juma la kwanza Mukalenge iligeuka kama imebatizwa upya. Ilinukia maharage ya mawese, na mbwa waliifuata mpaka Kingamyambo, lakini iligeuka. Kisha pori likaanza kuilamba ile shaba kama pipi, na tukarudi kulekule: kulia ndiyo, kushoto hapana.

Hapo ndipo baba alipounda timu ya kushoto. Tulikuwa watatu: mimi, kaka yangu Mwamba, na binamu yetu Ngalula aliyekuwa na visigino kama nyundo. Tulikaa nyuma juu ya magunia. Baba akipunguza mwendo na kupiga kelele "Goshi!", yaani kushoto, tuliruka chini, tukasukuma tairi la mbele la kulia kwa miguu huku yeye akikoroga, mpaka Mukalenge inakubali. Malipo yalikuwa andazi moja kwa kona. Mimi niliona mapema kwamba kona ya matope si sawa na kona kavu, nikadai mawili. Baba akakataa. Basi siku moja tulikaa juu ya magunia, tukatazama mawingu, huku Mukalenge ikielekea kwenye kichuguu polepole na baba akiita "Goshi! Goshi, batoto! Goshi, nawaomba!" Alikubali mawili. Watoto wa leo wanalipa ada kujifunza biashara. Mimi nilijifunzia mbele ya kichuguu.

Halafu Kapinga akapata mchumba, kijana wa reli, wa Tenke. Ilibidi tumpeleke kwa wakwe, na baba akaapa kwamba mtoto wake wa kwanza hataingia bukweni kwa gari la kuazima. Tulipakia bibi harusi mbele, mama pembeni yake, na nkambo nyuma pamoja nasi akiwa amekalia mto. Kabla ya kuondoka mama alitukagua timu nzima, nguo mpya, soksi mpya.

"Leo hakuna mutoto wa kushuka," alisema. "Soksi ni nyeupe."

Baba alimtazama. Mama akatazama mbele, mpole kama sanamu ya kanisani.

Sijui kama mmewahi kusafiri siku nzima bila kwenda kushoto. Inawezekana. Palipotakiwa kushoto, baba alikwenda kulia, akaendelea kulia, akazunguka kichuguu kizima, mpaka akatokea akitazama kushoto. Kapinga alitapika mara mbili, shela imekunjwa magotini. Nkambo alisali rozari na kuulizia bangili yake. Lakini tulifika Tenke, na baba alianza kupiga honi kwa majivuno, mpaka tulipoliona lango la wakwe. Lilikuwa upande wa kushoto.

Alipita. Watu waliosimama langoni wakashusha mikono. Akakata kulia, akazunguka nyumba za jirani, akarudi, akalikosea kidogo, akapita tena. Safari hiyo wajomba wa bwana harusi wakadhani ndiyo desturi ya watu wa Kolwezi, kumzungusha bibi harusi mtaani ili aonekane. Wakaanza kuimba. Akina mama wakatoka na vigelegele, watoto wakakimbia nyuma yetu, Tenke nzima ikashangilia, na baba nyuma ya kioo alikuwa anatoka jasho huku akipunga mkono kama gavana.

Mzunguko wa tatu alitokea mwisho mwingine wa mtaa, na lango likaja upande wa kulia, sawasawa kabisa. Baba akakata. Tukasikia kitu kidogo kikisema tik. Kikombe cha shaba kilikuwa kimekwisha, na kile kichwa cha chuma kikachomoka. Tairi moja likatazama stesheni, lingine likatazama kanisa. Usukani ukazunguka mikononi mwa baba bure, kama wa motokari ya waya iliyokatika. Tulikuwa na mwendo wa mtu anayetoka misa, hakuna aliyeumia, lakini Mukalenge ilipita kwa utaratibu kwenye zizi la mbuzi, ikalifungua, ikaenda kusimama kwenye mafiga ya harusi. Maharage yakamwagika. Mbuzi wawili wakaondoka na hawajarudi mpaka leo.

Baba mkwe, mzee mmoja mrefu wa reli, akaja akainama kutazama kioo.

"Tata mukwe," aliuliza kwa heshima zote, "ku Kolwezi njo munabishaka hodi vile?"

Baba akashuka, akapangusa koti. "Nilitaka bamuone bibi harusi pande yote."

Wazee wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Kapinga naye alicheka, nikajua ndoa itadumu. Mama peke yake hakucheka. Alishuka, akapanga kitenge chake, akamnyooshea baba kiganja kitupu mbele ya watu wote. Baba akakitazama kile kiganja kwa muda. Kisha akauweka ufunguo.

Jumatatu mama alikuwa amekwisha elewana na mfanyabiashara wa palepale Tenke: yeye achukue Mukalenge kwa ajili ya injini, sisi tuchukue mashine ya kusaga. Wakwe walilipwa mbuzi wao baadaye kwa unga. Tukarudi Kolwezi kwa treni, mashine imefungwa kwa kamba ndani ya behewa la mizigo. Baba alikaa dirishani njia nzima akitazama mbele. Karibu na kwetu ndipo aliponiambia kwa uchungu: "Ona huyu mwenye kuendesha treni. Volan haina, kushoto haijui, na bado banamuitaka shofa." Nilimpa nusu ya andazi langu. Hakudai mawili.

Mashine ile ndiyo iliyotusomesha wote, na ndiyo iliyonipa duka. Leo nina pikapu yangu mwenyewe, inapeleka unga kwa vijana wa machimboni, na anayeiendesha ni mwanangu Trezori. Enyi wa rika langu, mnawaona hawa? Usukani wa leo unageuka kwa kidole kimoja, kidole cha pili kiko kwenye simu. Foleni ya malori ikimchosha, Trezori anaruka ukingo, anapita porini juu ya visiki, muziki juu. Vyuma vya usukani nimevibadilisha mara mbili tangu mvua zilipoanza. Mimi nikimwambia shuka utazame chini ya gari, ananionyesha dashibodi na kuniambia, "Mama, tableau haijawasha taa." Hajawahi kukaza hata waya wa kopo la maziwa. Sisi gari lilipokosa kugeuka tulilisaidia kwa visigino. Hawa wanasubiri taa.

Na sasa yamezuka mengine. Baba yuko kwangu, mzee, anapenda kukaa ndani ya pikapu ikiwa imesimama. Juzi aliushika usukani, akaucheza kulia na kushoto, nao ukawa na nafasi ya kutosha kupitisha mbwa. Trezori akasimama mlangoni, akamuuliza kama atafika Kisenge nayo Ijumaa, kwa njia ya porini, magunia yakiwa yamejaa. Baba akafunga macho, akasikiliza, akamwambia mjukuu wake: "Haijafa. Iko inapumua." Wote wawili wakanigeukia wakitabasamu, meno yaleyale.

Mama angejua la kusema, lakini mama tulimzika. Mimi wateja nawamudu, wachimbaji wenye madeni nawamudu, ila sijui jinsi ya kumnyooshea kiganja mwanangu mbele ya babu yake. Ninyi mliowahi kumnyima mzee wenu furaha moja ili mumwokoe kijana wenu, nishaurini: mlianza kuzungumza na nani kwanza? Leo ni Jumatano, na magunia wameshaanza kupakia.