Krotoni ya Kaburi la Zawadi

Nilikosa. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na visingizio sitamaliza, na visingizio ninavyo tele. Jina langu msiniulize; mji wetu ni mdogo, na wanaonijua wakisoma watanijua tu. Niliua kitu nilichoachiwa nikitunze, kisha nikadanganya, kisha nikadanganya tena ili uongo wa kwanza usimame.

Kitu chenyewe ni ua. Najua, mtacheka. Ngojeni kwanza.

Mama alipofariki, aliyeshika nafasi yake ni dada yake, mama mkubwa, anayeishi Goma, ng'ambo ya mpaka. Kutoka kwetu Gisenyi hadi kwake ni mwendo wa miguu. Likizo zangu zote za utoto zilikuwa kwake, na mimi na mtoto wake wa pekee, Zawadi, tulilala kitanda kimoja. Zawadi alikufa kwa homa kabla hatujamaliza shule. Mama mkubwa akapanda krotoni juu ya kaburi lake, ule mmea wa majani ya manjano na mekundu yaliyo kama yamerushiwa rangi kwa brashi. Alisema krotoni haipotei machoni hata nyasi zikikua.

Kisha mlima ukatapika moto. Lava ilipita juu ya makaburi yale ikayafunika yote. Hakuna msalaba, hakuna jina, mawe meusi tu mpaka macho yachoke. Lakini mama mkubwa alikuwa amekata kijiti cha krotoni ile zamani, akakiotesha ndani ya maji, akakipanda katika ndoo nyumbani kwake. Kijiti hicho ndicho kaburi lililobaki. Lingine hapana.

Vita vilipoingia Goma, watu walivuka mpaka na magodoro, na masufuria, na watoto mgongoni. Nilikwenda kumpokea. Alikuja amekumbatia ile ndoo, mkoba mmoja mdogo begani. Mwanamke mmoja kwenye foleni alimpigia kelele:

"We mama! Watu wanabeba unga, we unabeba maua? Utapika hiyo?"

"We beba yako, mi nabeba yangu," alijibu bila kugeuka.

Aliiweka kwenye dirisha la chumba changu, linalopata jua la asubuhi. Majani kadhaa yalianguka siku za kwanza. Hakushtuka. "Inanuna," alisema. "Haipendi kuhamishwa. Acha tu, itanyamaza."

Akanifundisha. Usimwagilie mpaka udongo wa juu ukauke kwenye kidole. Pangusa majani kwa kitambaa chenye maji matupu. Na jua, kila siku jua, maana gizani rangi zinazimika, majani yanabaki kijani tu kama ya mmea wowote. Na usiisogeze! Hilo alilirudia akinivuta sikio kama mtoto, huku tukicheka.

Mambo yalipotulia kidogo alirudi kuangalia kama nyumba yake bado ina mlango. Ndoo aliniachia.

"Sitaki kuipitisha tena kati ya bunduki," alisema. "Nakuachia Zawadi."

"Usijali, mama mukubwa."

Usijali! Mdomo wangu huu huu.

Mchumba wangu anatoka Nyundo, familia ya watu wa kanisa na suti. Wazee wao wakatangaza siku ya kufata irembo, yaani kuja nyumbani kujitambulisha kabla ya posa yenyewe. Nani apambe sebule? Mimi. Baba yangu anajua kuagiza fanta, basi.

Sebule yetu ni ya giza. Dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Niliona kona ya kando ya televisheni inadai kitu, nikaileta krotoni. Ndoo ilinitia aibu, ndoo kuukuu iliyowahi kuwa ya rangi ya ukuta. Basi nikaung'oa mmea, nikaupanda katika chungu cheupe kinachong'aa, na mizizi iliyokataa kuingia nikaikata. Kisha nikapaka majani mafuta ya kupikia, jani kwa jani, yapate kumeta. Niliwahi kuona wapambaji wakifanya hivyo harusini.

Haikutosha. Matawi mawili mazuri kuliko yote niliyakata nikayatia katika glasi mezani. Utomvu ulichuruzika kwenye kitambaa cheupe alichoacha mama, ukageuka doa la kahawia ambalo sabuni zote zimeshindwa nalo.

Wageni walifurahi. Mzee wao aliinama, akashika jani, akaangalia vidole vyake vilivyoteleza.

"Bon! Kama anachunga maua namna hii," akasema, "kijana yetu atanenepa!"

Wote wakacheka. Nami nikainamisha macho kama binti mwenye haya. Yebabawe, ole wangu! Sifa zile nilizimeza zote.

Wageni waliondoka, krotoni ikabaki pale. Majirani walikuja kuiona, nilijipiga nayo picha, nikaona vibaya kuirudisha chumbani. Vumbi likanata kwenye mafuta. Jani la kwanza lilianguka, nikamwagilia. La pili, nikamwagilia. Kila jani lilipoanguka mimi nilimimina maji, kama mtu anayemlazimisha mgonjwa kula. Mwishoni kilibaki kijiti kitupu, kimesimama katika chungu chake kizuri.

Kila Jumapili baada ya misa mama mkubwa alikuwa akipiga simu.

"Mutoto yangu iko?"

"Iko, mama mukubwa. Inapendeza."

"Iko ku fasi yake?"

"Ku fasi yake, pale dirishani."

Nilisema hivyo nikiwa nimekaa mbele ya kijiti, majani yake yako sakafuni karibu na miguu yangu.

Ningeweza kusema ukweli. Jumapili yoyote ningeweza. Lakini harusi ilikuwa inakaribia, na yeye ndiye angekaa kwenye kiti cha mama. Niliogopa sauti yake ibadilike. Ndiyo sababu yote, hamna nyingine kubwa zaidi.

Aliposema anakuja, niling'oa kile kijiti, nikakivunja vipande, nikavitia motoni chini ya sufuria ya maharage. Havikushika moto. Vilitoa povu nchani, vikalia, sauti nyembamba ndefu. Nilikasirika! Nikavisukuma ndani ya makaa mpaka vikanyamaza. Maharage tulikula.

Kisha nilikwenda kwa wauza miche wa barabara ya ziwani, nikachagua krotoni inayofanana nayo kwa kila doa. Nikaipanda katika ndoo ile ile, nikaiweka kwenye dirisha lile lile. Nilijisifu hata! Nilisema moyoni, hatajua.

Mama mkubwa alifika, akanisalimu, akaenda moja kwa moja dirishani. Alitazama. Akapitisha kidole kwenye shina, chini kabisa, karibu na udongo.

"Huyu ni mugeni," akasema.

"Mama mukubwa..."

"Huyu ni mugeni. Mutoto yangu iko wapi?"

"Ilikufa. Nisamehe. Majani yote yalianguka."

Hakupiga kelele. Aliniangalia kama anayetafuta neno rahisi la kumwelezea mtoto.

"Majani inaangukaka. Tulikimbia volkano, iliangusha yote. Tulikimbia vita, iliangusha. Kisha inarudisha. Ulikwaruza?"

"Kukwaruza nini?"

"Ngozi yake. Na ukucha. Ukwaruze uone kama ndani iko kijani."

Niligeuza macho kuelekea jikoni.

"Uliitupa wapi?" Alikuwa tayari anajifunga kitenge. "Twende. Tutaitafuta hata ku takataka. Hata kipande kimoja kinatosha. Twende, donc!"

"Niliichoma."

Alisimama na ncha za kitenge mkononi. Kisha akauliza taratibu, "Ilishika moto?"

Hapo ndipo niliposema ukweli uliobaki.

"Ilikataa."

Akakaa chini, pale pale sakafuni. Alipoinuka alichukua mkoba wake, akamuaga baba, akavuka mpaka kabla jua halijazama. Ndoo hakuitaka.

Harusi ilifanyika. Kiti cha mama kilikaa kitupu, na wageni wa Nyundo waliuliza, na baba alisema barabara zimefungwa. Namba yake naipiga kila Jumapili. Inaita mpaka inakatika.

Yule mgeni wa ndooni nilihama naye kwenda kwa mume wangu. Naye akaangusha majani yote, hata moja halikubaki. Nikachukua ukucha, nikakwaruza. Kijani! Kijani kibichi, chenye maji. Sasa amechipua upya, ana majani mekundu kuliko mwanzo, na kila ninapompangusa natamani angekufa.

Ninyi mnaoachiwa vitu vya watu, nawasihi, msivipambe. Viacheni katika ndoo zao mbaya, pale mlipoambiwa. Vikianza kuharibika, semeni siku hiyo hiyo, hata kama mtatukanwa, maana mwenyewe huenda bado anajua la kufanya. Mimi nilingoja mpaka hapakuwa na kipande cha kukwaruza.

Siku hizi jikoni, kitu chochote kikilia ndani ya makaa, natoka nje.