Bipu ya Mzee Dakika

Mimi ndiye niliyemhamisha Dada Mvuke mtandao. Nalisema mapema ili mtu asihangaike kutafuta mchawi. Nina mwavuli, meza ya kukunja na kiti cha plastiki kwenye kona ya barabara, mbele ya duka la dobi. Kazi yangu ni kusajili laini na kuwahamisha watu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine bila kubadili namba. Mdomo ndio mtaji wangu, na siku ile ulifanya kazi vizuri kuliko kawaida.

Dada Mvuke alikuwa mpiga pasi wa dobi. Jina hilo tulimpa sisi wa kona ile, kwa sababu kila alipotokeza mlangoni mvuke ulitoka naye. Miaka kumi na sita alisimama kwenye pasi ileile, na mkono wake wa kulia ulikuwa na alama za kuungua kuanzia kiganja hadi kiwiko. Alizijua moja moja: hii ya shati la bwana harusi, hii ya siku umeme ulipokatika ukarudi ghafla. Alikuwa akikunja shati bila kulitazama, huku anaongea na wewe. Hakuwa mtu wa kuchekacheka, lakini akikupiga neno ulitembea nalo hadi jioni. Mimi aliniita Wakala, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa.

Baba yake alikuwa fundi saa mstaafu, mjane, akiishi peke yake ng'ambo ya kilima. Huyo tulimwita Mzee Dakika, na hakuchukia. Kila asubuhi, saa kumi na mbili na dakika tano, si nne wala sita, alimbipu binti yake. Simu ikilia mara moja ikakatwa, maana yake nimeamka, mzima. Ikiachwa ilie mpaka mwisho, maana yake njoo. Hiyo ya pili hawakuwahi kuihitaji. Kwa miaka sita mzee alimtoa binti yake wasiwasi kila siku bila kugusa salio, na jambo hilo alijivunia kuliko saa zote alizowahi kufufua.

Dada Mvuke alikuwa anajenga chumba pembeni ya nyumba yake ili baba aje akae naye. Kuta zilikuwa zimesimama, bati hamna. Ndiyo maana alibana kila kitu, na kilichomuuma zaidi ni gharama ya simu ya kila mwezi, kwa kuwa wateja wa dobi aliwapigia kwa kifurushi chake mwenyewe. Mimi udhaifu huo niliuona mapema, nikauvizia.

"Dada, simu unalipia kama bosi, na bosi mwenyewe yumo ndani anakunywa chai."

"Wakala, sema unachouza."

"Nusu bei. Dakika zilezile, namba yako ileile. Miezi minne tu, bati la baba umenunua."

Aliweka pasi chini. "Kwangu inashika?"

"Inashika kila mahali."

Kwake sikuwahi kufika. Nilikuja kujua baadaye kwamba nyumba yake iko bondeni, nyuma ya ukuta mrefu wa kiwanda cha unga, na mtandao wangu pale hauingii hata kwa dawa. Lakini kila ninayemhamisha nalipwa kamisheni, na mwezi ule nilikuwa nyuma. Aliweka kidole kwenye kifaa changu cha kusoma alama za vidole, taa ikawaka kijani, kazi ikaisha.

Asubuhi ya pili alikuja kwenye kona anakaribia kukimbia, kilemba mkononi.

"Simu haikulia," alisema. "Baba hajabipu."

Kabla sijatafuta uongo wa kumtuliza, simu ikatoa mlio mkononi mwake. Ujumbe kutoka mtandaoni: namba ya baba yake imempigia mara 1, saa 06:05.

"Si huyo hapo?" nilisema. "Ukiwa pasiposhika wanakuwekea taarifa, ukifika kwenye mtandao unaipata. Mzee Dakika ameripoti."

Alikaa kwenye kiti changu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliusoma ujumbe ule tena na tena. Nilimcheka. Naye akacheka kidogo, kwa aibu.

Basi ikawa ndiyo desturi. Kila asubuhi akifika kwenye meza yangu ujumbe unaingia, mara 1, saa 06:05, mimi natangaza kwamba mzee ameripoti, yeye anaingia kuwasha pasi. Dobi mwenyewe alianza kuhesabu naye miezi iliyobaki hadi bati.

Wiki ya tatu Mzee Dakika alikuja mwenyewe kwenye kona. Alikuwa amevaa koti safi na saa mbili, moja kila mkono. Hakuingia kwa binti yake. Alisimama mbele ya meza yangu.

"Wewe ndiye uliyemhamisha mwanangu?"

"Ndiyo mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Zamani nikibipu nilisikia simu yake ikilia, nikajua yupo. Sasa kuna mwanamke ananiambia mwanangu hapatikani. Kila asubuhi, kitu cha kwanza kusikia, mwanangu hapatikani."

"Ni mashine tu hiyo, mzee. Si anakwambia pia kwamba atajulishwa?"

"Anasema hivyo." Aliitazama saa ya kushoto, kisha ya kulia. "Atajulishwa kwamba nimepiga. Atajuaje nimepiga kusema nini?"

Swali lilikuwa wazi, na jibu lake pia lilikuwa wazi. Ujumbe ule haukujua tofauti ya bipu ya salama na wito wa njoo. Nilitakiwa kumwita binti yake palepale. Lakini mteja akirudi alikotoka kabla ya miezi mitatu, kamisheni yangu inakatwa, nami nilikuwa nimeshaila.

"Mzee, unawaza mbali," nilimwambia. "Umri unakuchezea."

Alinipa mkono, akaondoka. Tangu hapo sikupenda mlio wa ujumbe ule. Kila asubuhi kabla Dada Mvuke hajafika nilijikuta naangalia barabara, na ujumbe ukishaingia ndipo nanywa chai yangu.

Siku ya siku ilikuwa Alhamisi, na alifika akiwa na furaha. Fundi wa bati alikuwa ameahidi kuja kupima. Simu ikatoa mlio mkononi mwake, akausoma ujumbe, kisha akaigeuza simu ili nami niione, kama alivyozoea.

Mara 1, saa 05:20.

Niliona. Wala sitasema niliona vibaya, maana herufi zilikuwa kubwa na jua lilikuwa bado halijashika kioo. Saa kumi na moja na dakika ishirini. Mtu asiyekosea hata dakika moja, leo amewahi kwa dakika arobaini na tano. Kulikuwa na wateja wawili kwenye foleni, wote wa kuhama.

"Ameripoti," nilisema.

Alisimama pale kidogo akinitazama, halafu akaingia kazini. Kutwa nzima nilisikia pasi yake ikishuka mezani. Mara tatu niliinuka kwenda mlangoni, na mara tatu nikarudi kwa kisingizio cha mteja.

Saa tisa alasiri jirani wa mzee alipiga simu ya dobi. Alikuwa amekwenda kuchukua saa yake iliyokuwa kwa mzee, akagonga bila kujibiwa, akasukuma mlango. Mzee alikuwa sakafuni kati ya kitanda na meza ya kazi, na simu ilikuwa imeteleza chini ya kabati, mbali na mkono. Alikuwa bado anapumua. Walipofika naye hospitali alikuwa hapumui tena. Daktari alimwambia Dada Mvuke kwamba ni moyo, kwamba alikaa muda mrefu mno pale chini, na kwamba angeletwa asubuhi wangeweza kujaribu kitu.

Baada ya wiki mbili alirudi kazini. Siku ya kwanza alikuja kwenye meza yangu, akatoa simu.

"Nirudishe nilikotoka."

Nilifanya kazi ile kichwa chini. Kifaa kikawaka kijani. Hakuondoka.

"Ile saa kwenye ujumbe," alisema. "Wewe uliiona?"

"Hapana, dada," nilisema. "Sikuangalia saa."

Alifunga simu kwenye ncha ya khanga yake, taratibu, kama mtu anayekunja shati.

"Mimi niliiona," alisema. "Nikashtuka. Nikakutazama wewe, nikaona hujashtuka, nikasema basi, Wakala anajua mambo haya."

Akaingia ndani kuwasha pasi.